Fundi wa Chini ya Ngazi

Kwa miaka kumi na mmoja nilimwamkia Fundi kila asubuhi kabla sijafungua duka. Kisha kwa miaka minne nikawa napita mbele ya meza yake bila kugeuza shingo. Wapangaji wenzetu walidhani tumegombania choo au umeme, maana ndiyo magomvi ya Kariakoo. Haikuwa hivyo. Fundi ndiye aliyenifundisha kuilinda kompyuta isipelelezwe, na Fundi huyohuyo ndiye aliyeweka programu ya kupeleleza kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu. Kwa ajili ya programu hiyo nilimpoteza dada yangu wa tumbo moja. Namwandika bila jina kwa sababu mtaa mzima ulimwita Fundi tu, utadhani Kariakoo nzima ina fundi mmoja.

Jengo letu ni la ghorofa nne, mali ya familia ya Kihindu inayokaa juu kabisa. Chini kuna maduka ya vitambaa na vipuri vya simu, na steshenari yangu ya kuchapa, kutoa kopi na kujazia watu fomu za mtandaoni. Kati ya duka langu na ngazi palikuwa na upenyo ambao zamani mlinzi aliwekea ndoo na mifagio. Fundi aliuomba, akaingiza meza moja, stuli mbili na taa, akawa anashinda humo ameinama. Akisimama haraka alijigonga kichwa kwenye ngazi, na kila mara aliitazama ngazi kwa hasira kana kwamba imeletwa jana.

Alikuwa mtu wa usafi wa kuudhi. Shati jeupe, pasi kali, mikono imekunjwa mara mbili hadi chini ya kiwiko. Vumbi la kompyuta alilitoa kwa brashi ya kupakia rangi, mpya, ambayo haikuwahi kugusa rangi. Mteja akija anatafuna karanga, alimwambia, "Malizia huko nje, sisi tutakusubiri." Sisi hao walikuwa yeye na mashine.

Neno lake la kwanza kwa kila mteja halikuwa tatizo ni nini. Lilikuwa, "Mashine ya nani hii?" Ukisema ya kwetu, hakuipokea. "Kwetu ndiyo nani? Nitajie mtu mmoja." Ukishamtaja, aliandika jina hilo kwenye utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, akaweka tarehe na kazi iliyotakiwa, akaubandika ndani ya kasha la kompyuta mahali ambapo mwenyewe hauoni. Mafundi wengine walimcheka. Yeye alisema fundi asiyejua anamfanyia nani kazi ni mwizi ambaye bado hajaiba. Nilimpenda kwa maneno kama hayo. Niseme ukweli, nilimpenda kama baba.

Kuhusu vivinjari, yaani zile programu za kuingilia intaneti, alikuwa na ubishi wa watu wa mpira. Vijana wa vipuri vya simu walimchokoza makusudi. "Fundi, ipi kali?" Hakutaja hata moja. Alimuuliza mtu anafanya nini mtandaoni, anatumia mashine na nani, mtandao wake una nguvu kiasi gani, na mara ya mwisho kuisasisha programu hiyo ilikuwa lini. Mtu akijibu kwamba hajui kusasisha ni nini, Fundi alishika kichwa. "Kivinjari kizuri ni kile ambacho waliokitengeneza bado wanakiangalia kila siku, na wewe unakubali marekebisho yao. Ukikiacha kizeeke, hata kingekuwa cha nani, umelala mlango wazi."

Mimi alinishauri niwe na viwili. Kimoja cha mtaani, cha kutafutia nyimbo, habari na umbea wa mastaa. Kingine cha nyumbani, cha barua pepe na mambo ya benki tu, kisichohifadhi nywila wala kuongezewa kikorombwezo chochote. "Usivichanganye," alisema. "Viatu vya chooni huvai kuingilia msikitini." Nilicheka siku hiyo, lakini nimeifuata kanuni hiyo mpaka leo na sijawahi kuijutia.

Kuna wakala mmoja wa forodha, anafanya kazi zake bandarini, aliyeleta kompyuta ambayo kivinjari chake kilikuwa na mikanda saba ya matangazo juu, mmoja juu ya mwingine. Ukurasa wenyewe ulibaki mdogo kama bahasha. Jamaa alilalamika kwamba ameingiliwa na wadukuzi. Fundi alimfungulia orodha ya programu, akamsomea moja moja kwa sauti ya kuhani matanga. Hii ilikuja na programu ya bure ya kupakua muziki. Hii ilikuja na ile ya kuvunja leseni uliyopewa na rafiki yako kwenye flashi. Hii ulibonyeza "endelea" mara nne bila kusoma. "Hakuna aliyekuingilia, mzee. Wote hawa umewakaribisha wewe, ukawapa na viti." Wakala alinuna, lakini alirudi mwezi uliofuata na kompyuta ya mkewe.

Mimi mwenyewe alinipa somo chungu kuliko huyo. Pale steshenari wateja wengi hawakuwa na kompyuta. Nikiwafungulia barua pepe kwa ajili ya maombi ya kazi au chuo, walinitajia nywila wanayotaka, nami niliiandika kwenye daftari kubwa la kaunta, jina na nywila, ukurasa hadi ukurasa. Kila steshenari mtaani ilifanya hivyo. Watu walisema, "Dada, nitunzie wewe, mimi nitasahau," nami niliona nafanya wema. Fundi alilikuta daftari hilo wazi juu ya kaunta, karibu na bakuli la pini. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alikuja, akakaa kwenye stuli ya wateja, akalichana lote vipande vidogo, akanisimamia niyatie maji yale makaratasi kwenye ndoo mpaka wino ukatoka.

Kwa wiki kadhaa wateja walikuja kuniuliza, "Dada, nywila yangu ilikuwa ipi vile?" Niliwaelekeza chini ya ngazi. Na Fundi, shujaa wa siri za watu, kila akimwona mtu wa namna hiyo anakuja aliinuka kwenda kuswali, hata kama adhuhuri ilikuwa imepita na alasiri bado.

Alikuwa na vioja vingine. Hakuwa na barua pepe. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na ujumbe alisomewa na mpwa wake. Nilimuuliza mtu wa aina yake anawezaje kuishi nje ya mtandao. Akasema daktari wa meno halazimiki kula peremende. Alidharau vijana wanaojiita wataalamu, ila kijana akikwama alimwita chini ya ngazi na kumwonyesha kazi nzima bila kuficha kitu. Na mimi mwanamke alinifundisha hivyohivyo, tangu siku ya kwanza, wakati mafundi wengine waliniambia nikae pembeni nisubiri. Kwa sababu hiyo sikuwahi kudhani kwamba machoni pake palikuwa na mambo ambayo mwanamke hana haki nayo.

Kompyuta ya nyumbani niliinunua mimi, kwa fedha ya steshenari, na Fundi ndiye aliyenisindikiza kuichagua kwenye duka la mitumba ya ofisini. Aliipima kwa mkono, akainusa, akasema hii ilitumiwa na mtu mwangalifu. Niliiweka sebuleni, nikaifunika kitambaa cha kufuma. Jioni nikishaivisha chakula, niliitumia kumwandikia dada yangu aliyekuwa Mtwara. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama. Kwa simu niliogopa kuzungumzia mambo yangu kwa sababu nyumba ilikuwa vyumba viwili na mume wangu alikuwa na masikio. Kwenye barua nilisema yote. Nilimwandikia kwamba nikisikia funguo za mume wangu mlangoni tumbo linanikata, na kwamba nafikiria kurudi kwetu nikapumzike, na labda nisirudi tena Dar.

Siku moja kompyuta ilianza kuwa nzito. Mume wangu akasema ataipeleka kwa Fundi itolewe vumbi. Nilifurahi, kwa sababu haikuwa kawaida yake kujishughulisha na kitu cha nyumbani. Ilirudi baada ya siku mbili, nyepesi, inang'aa.

Haukupita mwezi. Jioni moja aliingia ndani, akasimama mbele yangu, akachezesha funguo vidoleni karibu na uso wangu. Akaniuliza, "Vipi? Tumbo limekukata?"

Maneno yale niliyasema kwa mtu mmoja tu duniani. Kesho yake nilimpigia dada yangu nikiwa dukani, nikamuuliza amemwambia nini shemeji yake. Akasema, "Mimi? Wallahi sijaongea naye tangu Idi." Sikumwamini. Nilimwambia kwamba maisha yake mwenyewe yamemshinda ndiyo maana anataka kuvunja yangu, na mengine ambayo sitayaandika. Alikuwa analia, nikakata simu. Alinipigia tena mara nyingi. Sikupokea.

Mtu ataniuliza, wewe mwanafunzi wa Fundi, hukuishuku kompyuta? Sikuishuku. Mashine za dukani nilizikagua kila Ijumaa kama alivyonifundisha, nikisoma orodha ya programu na kutazama zipi zinawaka zenyewe mashine ikiwashwa. Ile ya nyumbani niliiacha kwa sababu ilikuwa imetoka mikononi mwake. Ndiyo mashine pekee niliyoiona salama kabisa. Nakumbuka wakati huo alikuja dukani na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza ghafla, "Ile ya nyumbani, unaikagua?" Nikamwambia, "Si umeisafisha wewe, Fundi? Nikague nini tena?" Aliweka kikombe kwenye kaunta, akaondoka bila kumaliza kahawa. Nilidhani anaumwa.

Dada yangu alifariki kabla ya miaka miwili kuisha tangu simu ile, kwa presha. Nilifika Mtwara ameshazikwa. Binti yake alinipokea begi, akanikalisha kwenye mkeka na wanawake wengine, na kabla sijalia vya kutosha akaniinamia akasema, "Mama mdogo, mama alisema nikikuona nikuambie hakumwambia mtu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anafikisha ujumbe tu, kama alivyotumwa.

Talaka ilikuja baadaye, hiyo siililii. Mume wangu alichukua televisheni na friji, akaniachia kompyuta kwa sababu aliiona imezeeka. Niliihamishia dukani. Nilipoikagua kwa utaratibu wa Ijumaa, niliikuta programu imejificha kwa jina la kawaida kabisa. Ilikuwa inaandika kila herufi inayopigwa kwenye kibodi na kumtumia mume wangu. Kivinjari changu cha nyumbani, safi, kisichohifadhi kitu, hakikuweza kunisaidia, kwa sababu barua zangu ziliibwa kwenye vidole kabla hazijafika humo. Nikafungua kasha. Ndani kulikuwa na utepe wa karatasi, mwandiko wa Fundi, jina la mume wangu, tarehe, na maneno mawili: vumbi, programu.

Niliubandua, nikatoka nao mpaka chini ya ngazi, nikaubandika mezani kwake. Aliutazama. Akavua miwani. Akasema, "Alisema ni yake." Sikungoja neno la pili. Nilijua nikifungua mdomo kumtaja dada yangu, nitapiga kelele mpaka jengo zima litoke nje. Kwa hiyo sikumtaja, na Fundi akabaki anadhani alichokiharibu ni ndoa.

Hiyo ndiyo miaka minne niliyoisema. Tulifanya kazi tukitenganishwa na ukuta wa tofali moja, namsikia akikohoa, namsikia akijigonga kwenye ngazi, namsikia akiwahubiria watu juu ya programu za kupeleleza kwa ufasaha uleule. Ilikuwa inanikera kuliko kelele za magari. Siku moja aliingia kwangu mwanamume mwenye laptopu ya rangi ya waridi, akataka nimwekee kitu aone mama watoto anaandika nini. Nilimfukuza. Akaenda moja kwa moja chini ya ngazi. Nilinyamazisha mashine ya kopi nisikilize.

"Mashine ya nani hii?"

"Yangu, Fundi."

Nikasikia stuli ikisukumwa. Kisha Fundi akasema, "Mlete mwenyewe."

"Nimekwambia ni yangu!"

"Na mimi nimekwambia mlete mwenyewe. Akikubali mbele yangu, nitaiweka."

Mwanamume akatoka anatukana. Nilijua kabisa kwamba yale maneno yalisemwa ili ukuta uyasikie. Hayakunilainisha. Nilichofikiria ni kwamba kumbe alikuwa anaweza kukataa, na hasira yangu ikaongezeka.

Mwaka huu meza yake ilikaa wiki tatu bila mtu. Muuza kahawa wa pale Mnazi Mmoja, aliyekuwa akimletea kila siku, alinisimamisha. "Dada, Fundi kaanguka. Kiharusi. Yuko Buguruni kwa mpwa wake, anakuulizia wewe tu." Nilisema sina nafasi. Jumamosi iliyofuata nilifunga duka mapema nikaenda. Sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumwambia habari za dada yangu, kwa sababu nilitaka azijue kabla hajafa, nami nilikuwa na hofu kwamba nimechelewa.

Mpwa wake alinipeleka chumba cha nyuma, akatuachia mlango wazi. Fundi alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito. Shati lilikuwa jeupe lakini halikupigwa pasi. Mkono wa kulia ulilala pajani bila kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Neno lilitoka upande mmoja wa mdomo. "Duka?"

"Lipo."

"Unasasisha?"

"Nasasisha."

Alitikisa kichwa, ameridhika. Nikakaa. Nje, gereji ya jirani, mtu alikuwa anagonga bati.

"Ulijua ile kompyuta ni yangu," nikasema. "Tulikwenda wote kuichagua."

"Nilijua."

"Sasa mbona uliandika jina lake?"

Alichukua muda kuyakusanya maneno. "Alisimama pale, mumeo, mtu mzima, anasema ni yake. Nimwambie nini? Kwamba hapana, ni ya mkeo?" Alipumua. "Niliona aibu kumwambia."

"Uliwawekea wanaume wangapi?"

"Wengi."

"Na wanawake?"

"Walikuja wawili. Niliwarudisha. Niliwauliza kama waume zao wanajua."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Kama angejitetea ingekuwa rahisi kwangu. Nilimtazama yule mzee aliyenifungulia kasha la kompyuta na kuniambia shika hapa, usiogope, nikahisi huruma inapanda, na nikaogopa kwamba ikinizidi nitaondoka bila kusema. Kwa hiyo nikasema. Nikamwambia habari za funguo, na barua, na simu niliyoikata. Nikamwambia maneno niliyomtolea dada yangu. Nikamwambia alivyofariki, na ujumbe aliouacha kwa binti yake.

Hakuwa anajua. Nililiona hilo wazi. Alifunga macho, machozi yakamtoka, na mkono wake mzima ukawa unatafuta kona ya shuka usiipate. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka minne, na ilipofika haikunipa kitu chochote.

Baada ya muda akasema, "Niambie jina lake. Nimwombee dua kila swala, siku zilizobaki."

Nilimwambia jina la dada yangu halimhusu. Nikachukua mkoba, nikamuaga mpwa wake, nikatoka mpaka barabarani. Fundi alifariki wiki ya pili baada ya hapo, na tangu siku hiyo najiuliza nilimnyima nani ile dua, yeye au dada yangu.